Keki ya Trevor

Adero alisimama kwenye lango la soko kuu la Jinja, amekumbatia sanduku la keki kama mtu aliyekabidhiwa mtoto wa jirani. Jua lilikuwa la utosi. Nyuma yake harufu ya sato na mukene, dagaa wa ziwani, ilipanda kutoka ghorofa ya chini, mbele yake madereva wa boda walikuwa wakigombania abiria, na ndani ya sanduku krimu ilianza kulainika. Alikuwa amevaa gauni la kitenge la bluu, kola imekaa sawa, pindo halina mkunjo. Aliipiga pasi nguo hiyo alfajiri kwa heshima ya mteja wake wa kwanza asiye jirani wala ndugu.

Mteja mwenyewe, mama mnene aitwaye Gorreti, alifunua sanduku, akatazama, akafunika.

"Elfu themanini?"

"Ndiyo, mama. Kama tulivyoongea kwenye simu."

"Kwenye simu nilidhani unatania. Binti yangu, kwa elfu themanini mimi napata kuku wawili na mchele wao."

"Lakini jina la mwanao limeshaandikwa."

"Basi mtafute Trevor mwingine," alisema Gorreti, akaondoka. Aliondoka polepole, pochi kwapani, kama waondokavyo wanunuzi wote wa Jinja wanaosubiri kuitwa.

Adero hakumwita. Alikuwa mtoto wa kambini. Baba yake alikuwa sajini, na dukani kambini bei ilikuwa bei. Aliyekataa alikuwa amekataa. Alibaki anautazama mgongo wa Gorreti huku machozi yakimkaribia.

"Nimechelewa sana?" sauti ya mwanamume iliuliza kando yake. "Mimi ndiye Trevor."

Aligeuka. Kijana mrefu, shati jeupe lenye mikono iliyokunjwa mara mbili, viatu vyenye vumbi jekundu la mlimani. Alikuwa na mwanya kwenye meno ya juu, na tabasamu lililojua kuwa lina mwanya.

"Trevor anatimiza miaka mitano," Adero alisema.

"Nimekua haraka. Maziwa ya kwetu Mbale ni mazito."

"Bwana, usinichezee. Simama hapo hapo."

Kijana akakaza visigino, akapiga saluti. "Ndiyo, afande!"

Adero alicheka bila kutaka. Hakuona Gorreti akisimama mbele ya muuza vitunguu na kugeuka nyuma, pochi imefunguka, wala hakumwona akiona keki ikibadilisha mikono. Yule kijana hakuomba apunguziwe hata senti. Alilipa, akamega pembeni pa keki, akatafuna, akafumba macho.

"Tamu sana," alisema. "Sijawahi kula keki kama hii."

Kwa kweli jina lake lilikuwa Geresom.

*

Geresom alikuwa muonjaji wa kahawa. Ghala moja la Mbale lilimwajiri kwa ajili ya ulimi wake. Wakulima waliteremsha magunia kutoka mlimani, yeye akachemsha, akanusa, akavuta kijiko kimoja kwa kelele, akatema kwenye ndoo, akasema: hii ilioshwa vibaya, hii ilianikwa chini, hii nzuri. Wazee wenye mvi walimsikiliza kama hakimu. Kila wiki msimu ulipokuwa mzuri alishuka Jinja na lori la kahawa, na kila aliposhuka alipita Walukuba, kwenye nyumba ndogo ambamo Adero aliishi na mama yake mjane.

Walizungumza Kiswahili. Chake Adero kilikuwa cha kambini, kifupi na kikavu. Geresom chake alikichuma kwa wafanyabiashara wa Kenya wanaovuka mpaka kufuata kahawa.

"Ukiniambia nakupenda," alimtania kwenye simu, "hakikisha hunipi na amri ya kuhama."

"Trevor, nina kazi. Nanuka vanila mpaka kwenye nywele."

"Usioge mpaka nifike, afande wangu."

"Mpumbavu wewe."

"Mpumbavu wako. Umekula?"

"Nitakula keki ikiiva."

"Basi ule na kipande changu."

Adero aliokea barazani, katika sufuria kubwa yenye mchanga, makaa chini na makaa juu ya kifuniko. Kuoka alijifunza kwenye video za simu. Maua alijifunza mwenyewe: aliviringisha sukari iliyokandwa kwa vidole akatoa waridi, akatoa yungiyungi la ziwani, hata ua la mkahawa, jeupe na jembamba, baada ya Geresom kumletea tawi la mti huo kutoka mlimani.

Siku moja Geresom alimkuta akipiga hesabu, akavuta kigoda.

"Sema vyote vilivyoingia kwenye keki hii."

"Unga, mayai, siagi, sukari, makaa, sanduku."

"Na boda aliyekupeleka kununua siagi?"

"Huyo nilimsahau."

"Na keki ya kwanza iliyoungua?"

"Hiyo tulikula."

"Na mikono?"

"Mikono ni yangu, Trevor. Siinunui popote."

"Ndiyo maana unaiuza bure." Alivishika vidole vyake vilivyokuwa na rangi ya waridi kwenye kucha. "Maua haya ni kazi ya mchana kutwa. Mtu akikulimia shamba mchana kutwa, humlipi?"

Alisema kweli, na Adero alijua hivyo. Bei ikapanda kutoka themanini hadi mia na hamsini. Jambo moja tu Geresom hakumwambia, ingawa yeye alilijua kuliko watu wengi: kwamba hesabu ya muuzaji ni nusu ya bei, na nusu nyingine inakaa kwenye ulimi wa mnunuzi.

*

Bei mpya aliijaribu kwanza kwa Chandrika, mama wa Kihindi mwenye duka la vitambaa Main Street. Alitaka keki isiyo na yai, ya mumewe Jitendra aliyekuwa anatimiza miaka sitini. Adero alipeleka kipande cha kuonja. Chandrika alivua miwani, akatafuna taratibu, bangili zikilia mkononi.

"Bei gani?"

"Mia na hamsini, mama."

"Hapana. Sikiliza, binti. Maua yako mazuri sana, mimi sijaona maua kama haya hata Kampala. Lakini keki yenyewe kavu. Huku pembeni, kavu kama raski. Kwa maua nalipa, kwa ukavu silipi. Themanini."

Adero alifunga sanduku kwa adabu akatoka. Nje alimpigia Geresom simu.

"Ameniambia ni kama raski!"

Palikuwa na nafasi pale, pana ya kutosha neno moja la kweli kupita. Geresom aliiona, akaipita.

"Usishushe bei," alisema. "Mwenye kujua thamani yako atakuja mwenyewe."

Na kweli, wiki hiyo hiyo simu ililia. Mwanamke kutoka Mbale, anaitwa Ketty, sauti yenye kicheko. Alitaka keki ya ubatizo. Adero alitaja mia na hamsini, akasubiri kubishiwa.

"Sawa, dada. Mpe dereva wa lori la kahawa."

Hakuomba apunguziwe. Wiki iliyofuata Ketty aliagiza ya mahafali, kisha ya kanisani, kisha ya ofisini kwa rafiki yake. Mara zote ilikuwa sawa, dada. Katika nchi ambapo mtu hubishania hata fungu la nyanya, kulikuwa na mji mzima uliolipa bila kubisha. Adero alilala akiuota huo mji, na mlima wake, na watu wake waungwana.

"Mbale wanakugombania," Geresom alimwambia.

"Huyo Ketty unamjua?"

"Mteja tu," alisema, akainama kufunga kamba ya kiatu iliyokuwa imefungwa.

Mwezi wa kumi na mbili Adero alipanga chumba cha duka Nalufenya, mbele ya barabara, akanunua oveni ya gesi na kabati la vioo. Fedha zilikuwa za mama yake, sehemu iliyobaki ya mafao ya marehemu sajini.

"Baba yako alizipata kwa miguu yake," mama alisema, akimkabidhi. "Una hakika watu wanalipa bei hiyo?"

"Mama, hawaulizi hata mara mbili."

*

Mwezi wa pili msimu wa kahawa uliisha. Lori halikushuka tena kila wiki, na simu ya Ketty ikanyamaza.

Watu wa Jinja walikuja. Walisimama mbele ya kioo, wakayasifu maua, wakauliza bei, wakacheka. Wengine walitaja themanini, tisini. Adero alitikisa kichwa. Kule Mbale wanalipa, alijiambia, hawa hawajui tu. Krimu ilibadilika rangi kwenye kabati. Mwenye nyumba alipita mara ya kwanza kusalimia, mara ya pili hakusalimia.

Ndipo alipoona picha. Ketty aliibandika kwenye WhatsApp: sebule yenye makochi ya kahawia, na kwenye kochi Geresom, miguu mitupu, amelala kinywa wazi, mtoto mdogo amelala kifuani mwake. Mezani ilikuwepo keki yenye maua ya mkahawa, imekatwa.

Adero aliikuza picha hiyo mpaka ikawa madoa. Mteja tu. Mtu hawezi kulala kwa mteja bila soksi.

"Trevor, uko wapi?" alimpigia.

"Ghalani, afande wangu. Mbona sauti hivyo?"

"Ketty ana mume?"

"Kwa nini unauliza?"

Alikata simu. Asubuhi alivaa gauni lile lile la bluu, akapaka wanja kwa mkono mzito, akaenda Mbale kupigania mume au kumzika.

*

Mlima Wanale ulikuwa umeuegemea mji, maji yakining'inia juu yake kama uzi mweupe. Alikuwa ameota mlima huo mara nyingi, hakuutazama. Aliulizia nyumba ya Ketty kwa watu wa ghalani, wakamwonyesha geti la kijani. Aligonga kwa ngumi.

Mwanamke aliyefungua alikuwa mjamzito, amevaa leso, na alipotabasamu Adero aliona mwanya. Mwanya ule ule, meno yale yale ya juu.

"Wifi!" mwanamke alipiga kelele. "Si wewe wa keki? Kaka amenionyesha picha zako mpaka simu ikachoka. Ingia, ingia, jamani, na mimi nimevaa hivi!"

Kaka. Adero alijisikia furaha na aibu kwa pamoja. Alikaribishwa kwenye kochi la kahawia, akaletewa chai ya maziwa, akamshika mtoto wa picha, akajicheka moyoni. Mjinga mimi. Nimekuja na wanja wa vita kwa dada yake.

Kisha aliinua macho akaliona kabati. Nyuma ya kioo, badala ya vikombe vya wageni, yalipangwa maua yake. Waridi, mayungiyungi, maua ya mkahawa. Yote, ya ubatizo, ya mahafali, ya kanisani, ya ofisini. Yalikuwa yamefutwa krimu kwa uangalifu.

"Watoto hawaniruhusu kuyatupa," Ketty alisema. "Ni mazuri mno."

"Lakini haya yalikuwa ya keki ya kanisani."

Ketty alikuwa anamimina chai. Mkono ulisimama.

"Na ile ya rafiki yako. Ya ofisini." Adero alisikia sauti yake ikishuka, ikawa ya baba yake. "Dada Ketty, nani alilipa?"

Ketty hakuwa mwongo kwa asili. Uongo huo aliusema kwa kutumwa na kaka yake tu. Aliweka birika chini. "Alikuwa anapata kamisheni nzuri msimu ule. Alisema nikupigie, nisiombe kupunguziwa bei. Alisema unaanza, unahitaji moyo. Wifi, alifanya kwa mapenzi."

"Zote?"

"Tulikuwa tunakula sisi na majirani." Kisha, kwa kutaka kumfariji, akaongeza, "Asubuhi, na chai. Ukiilowesha kwenye chai inalainika vizuri sana."

Adero alimrudisha mtoto kwa mama yake. Chai yake hakuigusa.

Geresom alifika anahema. Mtu wa ghalani alikuwa amempigia. Walisimama uani, kati ya kamba ya nguo na tangi la maji.

"Nilijua utadhani ni mke wangu," alianza. "Ketty ni dada yangu, tumbo moja."

"Natamani angekuwa mke wako."

"Usiseme hivyo."

"Ningelia wiki mbili nikapona. Ungeniachia kazi yangu." Alimtazama machoni. "Keki yangu ni kavu?"

"Adero..."

"Wewe ni muonjaji. Mzee ameshuka mlimani na punda, unamwambia mbele ya wenzake kahawa yako mbovu. Ile unaitema. Yangu kwa nini ulimeza?"

"Kwa sababu ulikuwa unakaribia kulia pale sokoni! Kwa sababu nilikupenda kabla sijajua jina lako. Ningesema nini?"

"Ungesema ni kavu. Chandrika alisema. Alinipa themanini, na themanini ndiyo ilikuwa bei yangu, Geresom. Leo ningekuwa na wateja. Nimeweka mafao ya baba yangu kwenye bei uliyoitunga wewe na dada yako."

Hakuwahi kumwita Geresom. Wote wawili walilisikia jina hilo.

Geresom alipiga magoti pale pale uani, kwenye matope ya maji ya kufulia, suruali yake ya kazini ikilowa. "Nikuoe. Tuoane, nisemeje? Kwetu tutakuja na wazee Walukuba, tujitambulishe kwa mama. Fedha za mama nitazirudisha zote. Niambie tarehe."

Nguo za mtoto zilipepea kati yao. Adero alimpenda; hilo ndilo lililomchosha. Aliinama, akamshika kiwiko, akamwinua.

"Ukinisifu chakula, nitauliza umeficha nini. Ukiniambia nimependeza, nitamtafuta Ketty amejificha wapi. Usilipe kitu. Nikikuona umelipa tena kitu changu kwa siri, nitakuchukia kabisa, na sitaki."

*

Duka lilifungwa. Kabati la vioo lilichukuliwa na mwuza simu, oveni ilirudi Walukuba. Mama hakumlaumu; aliacha tu kuyataja mafao.

Adero alikwenda kwa Chandrika na kipande cha keki kwenye sahani.

"Nimekuja na bei yako, mama. Themanini."

"Bei baadaye. Kwanza ulimi." Chandrika alitafuna. "Bado kavu. Unafunga bati lako la kuokea na nini?"

"Sifungi na kitu."

"Aa! Moto unakimbilia pembeni. Chukua kitambaa, lowesha, kamua, zungushia bati. Na kama hutaki yai, weka mtindi, usiogope. Rudi."

Alirudi. Akarudi tena. Siku moja Chandrika alitafuna, akakata kipande cha pili bila kukaribishwa.

"Themanini na tano," alisema. "Keki ya binti yangu Pinal, Ijumaa."

Adero alibisha, akapata tisini, na njiani kurudi alilia, na hakujua sawasawa analilia nini.

*

Msimu mwingine wa kahawa ulikuwa umeanza Adero alipomwona tena Geresom. Sasa alikuwa na meza ghorofa ya juu ya soko, kitambaa cheupe, vipande vya kuonja chini ya kifuniko cha chandarua. Shati jeupe, mikono imekunjwa mara mbili. Alikuwa amekonda.

"Nyabo, habari ya kazi."

"Nzuri, ssebo. Karibu uonje." Waliitana nyabo na ssebo, bibi na bwana, kama watu wasiojuana.

Geresom aliinua kipande, akakinusa. Akatafuna kama aonjavyo kazini, macho wazi, uso hauna kitu. Adero alishika ukingo wa meza.

"Sukari imezidi kidogo kwenye krimu," alisema hatimaye. "Pembeni pako sawa. Zamani palikuwa pakavu."

"Tangu lini?"

"Tangu ile ya Trevor."

Muuza mboga wa meza ya pili alitazama, akashangaa kuona mwenzake ameambiwa kasoro na bado anaonekana kama aliyepewa maji ya kunywa.

"Nataka moja," Geresom alisema. "Ketty amejifungua. Bei gani?"

"Tisini na tano."

"Ghali. Themanini."

"Ssebo, maua peke yake ni mchana kutwa."

"Themanini na tano, na uandike jina la mtoto."

"Tisini. Mtoto anaitwa nani?"

"Wa kike. Nangobi, jina la upande wa baba yake. Tisini sawa."

Aliisubiri pale, amekaa kwenye kreti. Adero aliandika Nangobi, akaweka ua moja jeupe la mkahawa pembeni. Geresom alimuuliza hali ya mama, mama mzima. Adero alimuuliza hali ya mlima, mvua nyingi.

Geresom alilipa tisini. Adero alizitazama noti mezani, akajikuta anangoja. Geresom angeongeza hata elfu moja, yeye angekasirika, na katika hasira ile angepata la kumwambia. Lakini alikuwa amemwambia asilipe zaidi, na mtu huyu alikuwa amesikia.

"Asante, nyabo."

"Karibu tena."

Alibeba sanduku akaelekea ngazi. Alikwenda polepole. Pale penye muuza vitunguu wa kando ya ngazi alipunguza mwendo zaidi, kichwa kimeinama upande mmoja, kama waondokavyo wanunuzi wote wa Jinja, na safari hii Adero aliujua mwendo huo na maana yake.

Alifungua kinywa amwite. Jina lililomjia lilikuwa Trevor.

Akalimeza.